Mashine Haina Ndugu

Asubuhi ya mtihani wa kwanza wa kompyuta, Mratibu wa mitihani wa chuo cha udaktari hakukalika. Aliingia ukumbini akatoka, akagusa waya akauacha, akasogeza kiti kilichokuwa kimenyooka akakiacha kimepinda. Fundi wa kompyuta, mtu mzima mwenye kitambi na bisibisi nyuma ya sikio, alimtazama akienda na kurudi kama kuku anayetafuta pa kutagia, mwishowe uvumilivu ukamwishia.

"Daktari, keti basi. Ukiendelea hivyo utanikanyagia waya, mtihani ugeuke wa mdomo."

"Nikikaa ndiyo vibaya zaidi," akasema, akaenda kuchungulia dirishani.

Nje, wanafunzi wa mwaka wa mwisho walikuwa wamejaa kwenye ngazi. Wengine walichezesha vidole hewani, wakijizoeza kuandika bila kibodi. Mmoja alikuwa akiwauliza wenzake kama ukibonyeza kwa nguvu jibu linaingia vizuri zaidi, na hakuna aliyecheka.

Ukumbi wenyewe ulikuwa chumba cha kusomea cha maktaba. Meza zilikuwa zilezile za zamani, zenye majina ya watu waliokwisha kuwa madaktari yamechorwa kwa ncha ya bikari, ila sasa juu yake zilikaa kompyuta, na kati ya moja na nyingine Fundi alikuwa amesimamisha vipande vya boksi ili jirani asione kwa jirani. Kila kitu kilinukia gundi.

Miaka yote mtihani huo uliandikwa kwa kalamu. Wanafunzi walijaza kurasa, walimu wakasahihisha mpaka macho yakatoa maji, na matokeo yakitoka kila mtu ana lake: huyu kaonewa, yule kabebwa, wa tatu mwandiko wake haukusomeka. Mratibu, ambaye mwenyewe alikuwa daktari wa magonjwa ya ndani, aliupigania mpango wa kompyuta kikao baada ya kikao kwa neno moja. "Mashine haina ndugu," alikuwa akisema. "Haijui mtoto wa nani wala mwandiko wa nani." Wanafunzi wakambandika jina la Mama Kompyuta.

Mashine haikuwa na ndugu, sawa. Yeye alikuwa naye. Mdogo wake, kitinda mimba wa mama yao, aliyeishi naye nyumbani kwake, alikuwa katika darasa hilo. Mwaka uliotangulia alianguka kwenye karatasi ya Bingwa wa uzazi, mzee ambaye wanafunzi walimwita Kalamu Nyekundu, na sheria ya chuo ilikuwa haina huruma: ukianguka mara ya pili, unafunga virago. Kwa hiyo maneno yalikwisha kuanza kutembea kwamba dada mtu kaleta mashine ili amwokoe mdogo wake. Mratibu alikwenda kwa Mkuu wa kitivo kuomba akae kando mwaka huo. Mkuu alicheka. "Inayosahihisha ni mashine. Wewe utamsaidiaje, utaihonga?"

Basi akabaki.

Mlango ulipofunguliwa wanafunzi waliingia kimya kama watu wanaoingia kumwona maiti. Mdogo wake alikaa karibu na dirisha. Mratibu aliapa kutomtazama, na kiapo kilivunjika kabla hata skrini hazijawaka. Alimwona akivuta ndewe ya sikio lake la kushoto, kama alivyokuwa akifanya utotoni akishindwa hesabu. Akageuza uso, akaenda kusimama upande wa pili wa ukumbi, nyuma ya msichana aliyekuwa akitafuta herufi kwa kidole kimoja, akizinyatia kama anayeua siafu.

Maswali yalikuja kwa kurasa. Mgonjwa anaingia, unasoma habari zake, unachagua la kufanya, unabonyeza "endelea", na ukurasa ule unafungwa moja kwa moja. Hakuna kurudi. Bingwa wa uzazi ndiye aliyeshikilia iwe hivyo. Alisema wodini hakuna kufuta, na katika swali lake mwenyewe akaweka sharti kali zaidi: ukikosea dawa ya kwanza, kurasa zote zinazofuata za mgonjwa huyo hazikupi kitu, maana mgonjwa wako ameshaharibika.

Katikati ya mtihani taa zilizimika. Feni zikapunguza mwendo, zikasimama. Ukumbi mzima ulivuta pumzi kwa pamoja, lakini skrini hazikuzimika. Betri za akiba zilishika, na Fundi alikuwa ameshatoka mbio kuelekea kwenye jenereta, kitambi kikimtangulia. Mratibu alisimama pale kwenye nusu giza, akitazama nyuso zilizomulikwa na mwanga wa buluu. Hakuna hata mmoja aliyeinua kichwa. Jenereta lilikohoa, likashika, feni zikaanza tena. Mratibu akaendelea kutembea.

Mtihani ulipokwisha simu yake ililia. Alikuwa mama yao.

"Mwanangu, mtoto katoka salama?"

"Katoka, mama. Matokeo bado."

"Kaniambia namba yake inaishia na saba mbili, niiombee. Nimeshaanza."

"Mama, usinitajie namba. Mimi sitakiwi kuijua."

"Namba tu, mwanangu. Namba ina dhambi gani?"

Mratibu alikata simu akiwa amekasirika, kwa sababu lililoingia sikioni halitoki. Majina yalikuwa yamefichwa makusudi. Kwenye orodha ya matokeo zingeonekana namba peke yake. Sasa angekuwa anajua moja.

Mkuu wa kitivo alitaka matokeo yabandikwe alasiri ileile. Wageni wa bodi walikuwa wamekaa chumba cha mikutano wakinywa chai, na yeye alikuwa amewaahidi waone kwa macho yao kazi ya wiki nyingi ikimalizika kabla jua halijatua. Fundi alibonyeza hapa na pale katika chumba kidogo nyuma ya ukumbi, na orodha ikashuka kwenye skrini: waliofaulu juu, mstari mwekundu, walioanguka chini. Namba ya kwanza chini ya mstari iliishia na saba mbili.

Amepungukiwa maksi mbili tu.

Mratibu alisogea karibu na skrini. Fundi naye, ambaye hakujua namba ya mtu yeyote, alijinyoosha akasema, "Imekwenda kama maji. Nipige chapa?"

"Ngoja."

"Mkuu anangoja."

"Na mimi nasema ngoja."

Hakujua anangoja nini. Alijua tu kwamba mikono yake inataka kazi. Akaanza kupitia swali moja moja, kuona wangapi wamepata na wangapi wamekosa, jambo ambalo mratibu yeyote hulifanya, na alilifanya kwa pupa ya mtu anayetafuta ufunguo alioukalia. Kwenye swali la Bingwa wa uzazi akasimama. Wanafunzi waliokuwa juu kabisa ya orodha, wale ambao hukosa swali moja wakalia, wote walikuwa wamelikosa. Waliolipata walikuwa wachache, na wengi wao walitoka mkiani.

Akalifungua. Mjamzito wa mimba pevu analetwa hospitali. Kichwa kinamuuma tangu jana, macho hayaoni vizuri, presha imepanda sana, na mlangoni anaanguka na kutupwa na degedege. Kifafa cha mimba. Dawa ya kwanza ni magnesiamu. Hilo hata mwanafunzi wa mwaka wa tatu analijua. Lakini kompyuta ilikuwa imeandikiwa kwamba jibu sahihi ni diazepamu.

Alielewa mara moja. Siku mbili kabla, Bingwa aliingia ofisini kwake akalalamika kwamba jibu la kweli limekaa juu kabisa, hata kipofu ataligusa. Mratibu akalishusha hadi la tatu, mzee akiwa amesimama nyuma yake, na diazepamu ikapanda ikachukua nafasi ya juu. Ile alama ya jibu sahihi ilibaki palepale ilipokuwa. Hakurudi kuangalia. Alikuwa na njaa, akataka kwenda kula. Na namba ya saba mbili, aliona, ilikuwa imechagua magnesiamu.

Akatoka nje, akaenda mpaka mwisho wa korido, akarudi. Akaenda tena. Akilirekebisha, wengi watapanda, na miongoni mwao namba moja itavuka mstari, na chuo kizima kitajua ni ya nani. Asipolirekebisha, hakuna atakayejua kamwe. Lililomtisha ni kwamba kunyamaza kulikuwa kutamu. Akinyamaza, mdogo wake ataanguka, na watu watasema: kumbe mama yule ni mwadilifu, hata damu yake hakuibeba. Aliiona sifa hiyo kama sahani iliyowekwa mbele yake. Simu ikalia tena, mama. Akaiacha ilie.

Hakwenda kwa Mkuu. Alishuka ngazi, akavuka uwanja wa hospitali, akaingia wodi ya wazazi. Bingwa alikuwa ametoka chumba cha upasuaji, ananawa mikono kwenye sinki la korido, mgongo wa gauni umelowa jasho.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Mashine imelipuka?"

"Haijalipuka. Imesahihisha vibaya swali lako la kifafa cha mimba. Inasema jibu ni diazepamu."

Mzee alifunga bomba polepole. "Nani kaiambia hivyo?"

"Mimi na wewe. Ile juzi tulipohamisha majibu, alama haikuhama nayo. Sikuhakiki."

"Kwa hiyo walionisikiliza darasani wamekosa."

"Na waliobahatisha wamepata."

"Basi nenda karekebishe. Huku umenifuata nini? Wodi yangu haina kompyuta."

"Kwa sababu mdogo wangu yumo."

Bingwa alichukua taulo akaanza kujikausha kidole kimoja kimoja. Ndani mtoto mchanga alilia, akanyamazishwa. "Anapanda?"

"Anavuka mstari."

"Na ukinyamaza?"

"Anafunga virago. Na mimi naitwa mwaminifu."

"Mwaka jana nilimwangusha mimi," alisema mzee, "na kwa mwandiko ule ningemwangusha tena. Ule si mwandiko, ni ugonjwa." Akatundika taulo. "Mficha uchi hazai. Nimewaambia wagonjwa maneno hayo maisha yangu yote. Twende."

Mkuu wa kitivo aliwapokea mlangoni mwa ofisi yake, akiwa bado ameshika kikombe. Alipoelezwa, alikiweka chini.

"Leo? Siku ya kwanza, wageni wako mlango wa pili?"

"Kosa halikuuliza ratiba," alisema Bingwa.

"Tuliondoe swali lote. Hakuna aliyepata, hakuna aliyekosa. Tumemaliza."

"Nimewafundisha magnesiamu mpaka koo limenikauka. Aliyenisikiliza apewe chake. Ukiliondoa, unamwambia mwanafunzi kwamba kujua na kutojua ni mamoja, na yule mama aliyeanguka mlangoni haponi kwa mamoja yenu."

Mkuu alijikuna kidevu, akamtazama Mratibu, akapunguza sauti. "Basi tufanye hivi. Rekebisheni. Lakini mdogo wako aitwe peke yake mbele ya jopo, aulizwe kwa mdomo. Kwa ajili ya macho ya watu tu. Akijibu, mdomo wa kila mtu umefungwa."

Mratibu alihisi kifua kikilegea kwa mara ya kwanza siku ile. Ilikuwa njia. Angetoka humo msafi kama nguo iliyofuliwa. Alishafungua mdomo kusema sawa, akamwona akilini yule kijana mbele ya jopo akivuta ndewe ya sikio, akitoa jasho ili dada yake aonekane safi.

"Hapana," akasema. "Akiitwa yeye, waitwe wote waliopanda. Hawakukosea wao. Tulikosea sisi."

"Watu watasema."

"Watasema. Ila kurekebisha nisirekebishe mimi. Mwalimu akae na Fundi, mimi nitakuwa nje. Na tangazo litoke na jina langu, kwamba kosa la kupanga majibu ni la ofisi yangu."

Mkuu alitazama saa, akatazama mlango wa wageni, akapunga mkono kama anayefukuza nzi. "Haya. Fanyeni upesi."

Ndivyo Kalamu Nyekundu alivyokaa mbele ya kompyuta kwa mara ya kwanza maishani mwake. Mratibu alikuwa koridoni, anakwenda na kurudi, na kupitia mlango alimsikia akifoka kwamba mausi inamkimbia, na Fundi akimwambia kwa upole, "Mzee, ishike kama unavyomshika mtoto, usiikabe." Kazi ya dakika chache ikachukua muda wa kuchosha. Orodha mpya ilipotoka, wengi walikuwa wamepanda, na namba ya saba mbili ilikuwa juu ya mstari, imeuvuka kidogo tu. Lakini namba nyingine mbili, zilizokuwa zimepita kwa diazepamu, zilishuka.

Matokeo yalibandikwa jua likielekea kuzama, na tangazo kando yake. Kulikuwa na vifijo, kulikuwa na kilio, na kama kawaida kulikuwa na minong'ono. Mratibu alikuwa akipita nyuma ya umati aliposikia mtu akisema, "Kosa limegunduliwa na nani? Na dada. Limemvusha nani? Mdogo mtu. Mashine nayo imepata ndugu." Wakacheka. Hakugeuka.

Kwenye ngazi alisimamishwa na yule msichana aliyeandika kwa kidole kimoja. Macho yalikuwa mekundu, lakini sauti ilikuwa imetulia.

"Daktari, nimesoma tangazo. Mimi nilichagua diazepamu. Lisingerekebishwa, ningepita?"

Alimwonyesha kadi yenye namba yake; ilikuwa moja ya zile mbili zilizoshuka, ingawa Mratibu angeweza kusema hajui. "Ndiyo," akasema. "Ungepita."

Msichana aliitikia kwa kichwa mara kadhaa, kama anayehesabu. "Nilikuwa najua magnesiamu. Nilisoma haraka nikabonyeza, nikakumbuka ukurasa umeshafungwa."

"Una nafasi ya kurudia."

"Ninayo," akasema, akashuka ngazi bila kuaga. Mratibu alisimama akimtazama mpaka akapotea getini, na kwa siku nyingi baadaye uso huo ndio uliomwinua kitini kila alipodhani ametulia.

Nyumbani alimkuta mdogo wake amekaa mezani, hajavua viatu.

"Dada, nikuulize, na usinizungushe. Nilipata au ulinipa?"

"Yule mama wa kifafa cha mimba ulimpa nini?"

"Magnesiamu. Ningempa nini kingine?"

"Basi ulipata."

"Wanasema nimebebwa."

"Lisemwalo lipo, na lisilokuwepo watu hulitengeneza. Nilikuwa na njia mbili, na kwa zote mbili wangesema."

Alimweleza yote, hata ile ya jopo, hata jinsi alivyokaribia kukubali. Kijana alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Pengine wangeelewana usiku uleule. Lakini simu ililia, na Mratibu, aliyekuwa na vyombo mikononi, aliiweka kwa sauti ya wazi mezani.

"Nimesikia," mama alisema, sauti imejaa furaha. "Asante, mwanangu. Nilijua dada mtu hatamwacha mdogo wake azame. Damu nzito kuliko maji."

"Mama, si hivyo. Amefaulu mwenyewe."

"Sawa, sawa. Si lazima tuyaseme kwenye simu."

Mdogo wake aliinuka, akaingia chumbani, akafunga mlango taratibu. Afadhali angeubamiza.

Siku zilizofuata waliishi kama wapangaji wawili, salamu na njia ya bafuni tu. Wakati wa kuchagua hospitali za mafunzo kwa vitendo ulipofika, wenzake waligombania zile kubwa za karibu; yeye aliomba ya mbali kuliko zote, ambayo kila mwaka hubaki bila mtu. Mratibu aliliona ombi hilo, akalirudisha kwenye faili.

Siku ya kuondoka walishusha vitu pamoja. Godoro ndilo lililowatesa. Kwenye kona ya ngazi lilikwama, likajikunja, likambana Mratibu ukutani.

"Inua huko kwako, dada."

"Nimeinua. Wewe ndiye unayesukuma."

"Sisukumi, nashikilia."

Walisukumana hivyo mpaka jirani wa chini akatoka kuuliza kama kuna mtu anahitaji daktari, nao wakaangua kicheko wote wawili, wamebanwa na godoro, wasiweze kutoka wala kurudi. Lilipojinasua, mdogo wake alifuta jasho, akasema bila kumtazama, "Si kwamba nakukimbia. Nataka kukosea mahali ambapo kosa litakuwa langu, na kupata mahali ambapo nitakuwa nimepata mimi."

"Naelewa."

"Na mama umweleze. Mimi nimejaribu, ananiitikia tu."

Gari lilipoondoka na godoro lake juu, Mratibu alipanda ngazi, akaingia chumba kile kitupu, akafungua dirisha, akalifunga. Kisha akakaa sakafuni akampigia mama. Alianza mwanzo kabisa: swali, jibu la juu na jibu la tatu, alama iliyobaki nyuma. Mama alitaka kumkatiza, akaendelea. Mama akasema amesikia, akaendelea. Alimweleza juu ya mjamzito aliyeanguka mlangoni, na dawa mbili, na nani alichagua ipi, mpaka mama akaacha kumkatiza.

"Kwa hiyo ile dawa," mama alisema mwishowe, "aliijua mwenyewe?"

"Aliijua mwenyewe, mama. Hakuna aliyemwonyesha."

"Na mashine ikamwambia amekosa."

"Ndiyo."

Mama alishusha pumzi ndefu. "Basi mbona hukuniambia tangu mwanzo? Mimi huku nimeshawaambia majirani wote kwamba ni wewe. Ngoja nivae viatu, niwahi kabla hawajalala."